Upepo wa Ukumbi wa Mashabiki

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo. Naliweka hilo mbele mapema, maana kuna watu wakisikia habari za nchi ya mbali huanza kutazamana na kukanyagana miguu chini ya meza, eti wanaijua. Hamuijui. Inaitwa Jamhuri ya Kulekule, iko kulekule, na mambo yake hayatuhusu. Sisi tusikilize tu, kisha tuendelee na chai yetu.

Watu wa Kulekule walipenda mpira wa magongo kuliko walivyopenda chakula, na hiyo ilikuwa bahati yao, kwa sababu mpira ulikuwepo na chakula kilikuwa cha kubahatisha. Timu ya taifa iliitwa Siafu. Siafu hawakuwahi kufungwa. Kila Jumamosi alasiri walicheza, kila Jumamosi walishinda, na nchi nzima ilisikiliza redioni. Kuwatazama kwa macho hakukuwezekana. Uwanja wa taifa ulikuwa kwenye matengenezo tangu watu wazima wa leo walipokuwa wakinyonya, na Wizara ya Michezo na Utulivu ilikwisha kueleza kwamba timu ikitazamwa sana huingiwa na husuda.

Kila mwaka Siafu waliongezewa damu mpya, na hapo ndipo Kulekule ilipozipiga bao nchi nyingine zote kwa demokrasia. Hakuna kijana aliyechukuliwa kwa nguvu. Katiba ilikataza. Kijana alichaguliwa na mashabiki wa mji wake mwenyewe, kwa mjadala huru, watu wakinywa soda, kisha akapandishwa basi lenye mapazia akaenda Kambi Kuu. Kutoka Kambi Kuu hakuna aliyewahi kurudi, hata kusalimia. Wizara ilisema ni kwa sababu wanafurahi mno huko. Kuuliza zaidi ya hapo kuliitwa kushusha ari ya timu, na waliowahi kushusha ari ya timu hawakuonekana wakiuliza tena.

Sasa, katika mji mmoja wa nchi hiyo, Mavumbini, palikuwa na mzee aitwaye Shomvi. Zamani alikuwa fundi wa kushona makoti, lakini watu walimjua kwa kazi yake nyingine. Alikuwa Msifu Mkuu wa Ukumbi wa Mashabiki. Utaratibu wa mjadala ulikuwa hivi. Chipukizi akitajwa, mtu mmoja anasimama kusema kasoro zake, kwa ufupi na kwa heshima, maana huyo ni mwana wa mtu. Halafu anasimama Msifu. Msifu akimaliza, mashabiki wakiridhika wanagonga sakafu kwa visigino. Kijana aliyegongewa amegongewa. Hakuna rufaa.

Na Mzee Shomvi alikuwa na kinywa, jamani. Angeweza kumsifu kijana mwenye matege mpaka watu wakaona miguu iliyonyooka inakosa kitu. Mama wa kijana mwenyewe angekaa pale akisikia, akajikuta anagonga. Kisha angesimamisha kisigino hewani, akashtuka, akaangalia mguu wake kama si wake. Kwa hiyo kila mwaka Mavumbini ilitoa kijana wake, na Mzee Shomvi alipewa kofia na Wizara. Kofia hizo hakuzivaa. Alizifunga kwenye shuka na kuzisukuma chini ya kitanda, na alilala upande mwingine wa kitanda.

Kulikuwa na desturi moja zaidi. Kijana aliyechaguliwa aliacha gongo lake palepale, kwa kuwa kambini angepewa jipya, na gongo likatundikwa ukutani kwa msumari, juu ya viti vya wazee. Ukuta ule ulikuwa umejaa. Na Jumamosi redio ikifunguliwa, mchezo ukianza, magongo yale yaligonga ukuta. Si kwa nguvu. Taratibu tu, moja hapa, jingine pale, kama mtu anayebisha hodi na hataki kusumbua.

Mashabiki waliwahi kuliuliza jambo hilo, tena kwa adabu zote. Wizara ikatoa tamko: ni upepo. Fundi mwashi mmoja asiye na busara akasema ukumbi hauna dirisha hata moja, upepo utapita wapi. Wizara iliichukua hoja hiyo kwa uzito. Wiki iliyofuata akaja mchoraji kutoka makao makuu, akachora ukutani madirisha manne mazuri sana, yakiwa wazi, na mapazia yakipepea. Tangu siku hiyo mambo yakaeleweka. Gongo likigonga, mtu mmoja anasema, "Upepo," na wengine wanaitikia, "Upepo."

Jumamosi hizo ndizo zilizokuwa uhai wa Mavumbini. Mashabiki walijazana, redio juu ya meza, na mabishano yakaanza kabla ya mchezo.

"Safu ya nyuma imechoka," alisema Bwana Pazi, Katibu wa Mashabiki, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni na maoni mengi kuliko kalamu. "Mwaka huu tusipopeleka beki tutakuja kulia."

"Umeionaje imechoka, na mechi hatuoni?"

"Ndugu yangu, mimi nasikia. Mtu aliyechoka anasikika."

"Beki tunaye. Yule tuliyempeleka mwaka wa mafuriko, yupo bado."

"Yupo, lakini umri."

Hapo kila mtu aliishughulikia soda yake, kwa sababu yule wa mwaka wa mafuriko redioni alikuwa bado na miaka kumi na minane. Wote redioni walikuwa na miaka kumi na minane. Mtangazaji alilitaja hilo kila wiki, kwa fahari.

Bi Mwanaheri ndiye aliyekuwa Msemakasoro, mwanamke mrefu, mjane, asiyecheka ovyo. Yeye alikaa karibu na redio kuliko wote na mpira haukumhusu. Alingoja. Mchezo ukifika katikati, kabla tu ya bao la pili, katika kelele za watazamaji alisikika mwanamume akikohoa, kikohozi kirefu kinachoishia na kusafisha koo mara mbili. Kila Jumamosi, palepale, kabla ya bao la pili.

"Huyo," alimwambia Mzee Shomvi siku moja, akiinamisha kichwa.

"Nani?"

"Mume wangu. Nilimzika, unakumbuka, sanda uliikata wewe. Alikohoa hivyo siku tuliyokwenda uwanjani, kabla hawajaufunga. Nilikuwa nimekaa naye, nikampa leso." Akanyoosha kanga yake magotini. "Wewe unakuja kusikiliza mpira. Mimi nakuja kumsikia mume wangu."

Mzee Shomvi alifikiri. Ikiwa kelele zile ni za siku ile, basi mchezo wa leo unachezwa wapi, na nani anaucheza? Alitaka kuuliza. Gongo moja likagonga juu ya kichwa chake.

"Upepo," akasema, na Bi Mwanaheri akarudisha sikio lake redioni.

Sasa tufike penye shida. Mzee Shomvi alikuwa na mjukuu, Sikudhani, binti wa miaka kumi na saba, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Binti huyo alizaliwa na gongo mkononi. Akipiga kokoto kwa fimbo ya ufagio, kokoto ilikwenda ilikoambiwa. Na katika Mavumbini hiyo ilikuwa balaa.

Wazazi wa mji ule walikuwa na hekima yao. Mtoto akianza tu kutembea, alifundishwa kuchechemea. Ukipita barabarani asubuhi ungeona wanafunzi wanakwenda shule wote wanavuta mguu, ungesema mji umepigwa na maradhi. Lakini maskauti wa Wizara, wale wasaka vipaji, si wajinga. Baada ya miaka michache waligundua kwamba kijana anayechechemea vizuri kuliko wenzake ana misuli, ana akili, ana mbinu. Wakaanza kuwachukua hao.

Sikudhani yeye alikataa kuchechemea. Babu alimsihi, alimbembeleza, alimkalia kikao na majirani.

"Babu, miguu yangu mizima," alijibu. "Nitaidanganya ya nini?"

"Mwanangu, ni kwa barabarani tu. Nyumbani utembee upendavyo."

"Mbona wewe huchechemei?"

"Mimi mzee."

"Basi nami nikizeeka tutaongea."

Alikuwa na majibu, binti yule. Na mwaka huo Wizara ilipoleta majina ya chipukizi wa Mavumbini, yalikuwa mawili tu. La kwanza lilikuwa la Chaurembo, mwana wa mama muuza maandazi wa kona ya soko, kijana aliyechechemea kwa ustadi hata watu wakasimama kumtazama. La pili lilikuwa Sikudhani. Bwana Pazi aliyasoma majina yote mawili kwa sauti ileile, kisha akampa Mzee Shomvi pole na hongera kwa pamoja, kwa kuwa hakuwa na hakika ipi inafaa.

Mzee Shomvi alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwanaheri.

"Tubadilishane," alisema. "Mwaka huu nipe kasoro. Wewe sifu."

"Utaziweza?"

"Nitashindwaje kumsema mtoto niliyemlea? Ana kasoro tele."

"Nitajie."

Mzee akajikaza kisabuni. "Mkaidi. Mkaidi huyo, ukimwambia jambo lisilo na maana halifanyi hata umpige." Akasita. "Halafu anapenda kukosoa. Juzi koti limepinda bega, mimi sikuona na macho yangu haya, yeye kaona kutoka mlangoni." Akasita tena. "Anakula polepole. Anamwachia paka."

Bi Mwanaheri alimwacha amalize. "Mzee Shomvi," alisema kwa upole, "hizo ukizisema pale ukumbini, lile basi lenye mapazia litakuja mlangoni kwako usiku huohuo. Wewe hujui kusema kasoro. Miaka yote umezoea kutia asali."

Asubuhi ya kuamkia mjadala alikuja mama yake Chaurembo. Alibisha hodi, akaingia, akaweka sahani ya maandazi mezani na kuifunika kwa kitambaa. Hakukaa.

"Sikuja kuomba, mzee wangu," alisema. "Najua nawe una wako. Nimekuja tu unione uso."

Akamwonyesha uso, kisha akatoka. Maandazi yale hayakuliwa na mtu. Mzee Shomvi alikaa nayo mpaka yakapoa. Hakuwa na ujanja. Akimsifu Chaurembo, mwanamke yule angeona gongo la mwanawe ukutani kila Jumamosi ya maisha yake. Akikaa kimya, Wizara ingeleta Msifu wa akiba kutoka makao makuu, mtu asiyemjua mtoto wa mtu, na huyo angemsifu Sikudhani, kwa sababu Sikudhani alikuwa bora. Hata kipofu angeona. Kofia zile chini ya kitanda alizisikia kama zinapumua.

Mjadala wa mwaka huo ulikuwa wa aina yake, kwani ulifunguliwa na Kijana Mkuu wa Taifa mwenyewe, Mheshimiwa Gombo.

Lazima niwaeleze cheo hiki, msije mkacheka mahali pasipostahili. Kulekule iliwathamini sana vijana, kwa hiyo vijana wote wa nchi walikuwa na kiongozi wao, Kijana Mkuu, naye alikuwa ni Mheshimiwa Gombo tangu alipokuwa kijana kweli. Miaka ikaenda. Alipofika thelathini na tano, ambao ulikuwa mwisho wa ujana kisheria, Bunge lilisogeza ujana ukafika arobaini na tano, kwa sababu ya uzoefu wake. Baadaye likausogeza hadi sitini. Mwaka ule wa hadithi yetu ujana wa Kulekule uliishia miaka sabini na mitano, na Mheshimiwa Gombo alikuwa na sabini na mitatu. Alitembea kwa bakora yenye kichwa cha fedha na wasaidizi wawili, mmoja kila kwapa, na meno yake yalisafiri kwenye kisanduku chake.

Alipandishwa jukwaani, akapewa meno, akaanza.

"Vijana wenzangu," alisema, na vijana wenzake wakapiga makofi. "Nikiwatazama chipukizi hawa, moyo wangu unalia. Unalia kwa nini? Kwa wivu. Ndiyo, wivu. Kwa sababu wao leo watapata bahati ambayo mimi kiongozi wenu nimeinyimwa. Kambi Kuu! Nani kati yenu anajua mara ngapi nimetamani kuvua suti hii, nivae bukta, niungane na Siafu wetu? Lakini majukumu, vijana wenzangu. Majukumu yamenifunga minyororo. Laiti angetokea mtu mmoja tu wa kunifungua."

Makofi. Mheshimiwa alifuta machozi ambayo hayakuwepo na kuketishwa kwenye kiti chekundu, chini ya ukuta wa magongo. Nje, basi lenye mapazia lilikuwa limekwisha kuwashwa.

Mzee Shomvi alikuwa amekaa mstari wa pili. Kulia kwake Sikudhani, mgongo wima, gongo lake magotini. Kushoto mama yake Chaurembo, anamshika mwanawe mkono kama anayemvusha barabara. Maneno ya Mheshimiwa yalimwingia Mzee Shomvi sikioni, yakatua mahali, yakakaa. *Laiti angetokea mtu mmoja tu.*

Bi Mwanaheri alisimama kusema kasoro. Kwa Chaurembo alisema mkono wa kushoto mzito. Kwa Sikudhani alisema macho ya binti huyo yanatazama watu usoni mno. Akakaa. Ukumbi ukatulia.

"Msifu Mkuu," akaita Bwana Pazi.

Mzee Shomvi akasimama. Alimtazama mjukuu wake, akaikumbuka sahani ya maandazi.

"Ndugu Katibu," alisema, "mjadala wetu ni huru?"

"Huru kabisa, mzee."

"Jina linaweza kutoka ukumbini?"

Bwana Pazi aliangalia juu, akakumbuka. Kanuni hiyo ilikuwepo. Iliwekwa zamani ili wageni kutoka nchi nyingine wakija waonyeshwe, na haikuwahi kutumika. "Linaweza," alisema. "Mradi awe kijana kisheria na awemo ndani ya mji siku ya mjadala."

"Basi mimi ninaye mmoja."

Akaanza taratibu, kama alivyoanza siku zote, na sauti yake ikapata mwendo wake wa zamani. Alisema wamekuwa wakitafuta chipukizi vichochoroni, ilhali chipukizi wa kweli amekaa mbele yao. Alisema huyu ni kijana ambaye ujana wake umethibitishwa na Bunge mara tatu, na nani katika ukumbi huu anaweza kusema hivyo? Vijana wengine ujana huwapita. Huyu ujana umemfuata, umemng'ang'ania, umekataa kabisa kumwacha. Mnataka beki? Huyu tangu alipokaa kwenye nafasi yake hakuna aliyeweza kumpita. Mnataka mtu wa gongo? Mtazameni, halimtoki mkononi. Na moyo, ndugu zangu! Mmemsikia kwa masikio yenu akilia kwa wivu. Amefungwa minyororo, anaomba mtu mmoja wa kumfungua. Je, Mavumbini ndio tuwe watu wa kumnyima kiongozi wetu jambo aliloliomba hadharani?

Kadiri alivyosema ndivyo Mheshimiwa Gombo alivyotabasamu, kwa kuwa alizoea kusifiwa na hakuwa anasikiliza. Tabasamu lilianza kuganda alipoona watu wanamtazama miguu.

Mzee Shomvi akamtaja jina, akakaa.

Sasa hebu jiwekeni nyinyi mle ndani. Kiongozi mkubwa amesifiwa hadharani, wasaidizi wake wanatazama nani anashangilia na nani hashangilii. Nani atakayeacha kisigino chake kimetulia? Bwana Pazi aligonga wa kwanza, kwa hofu. Waliofuata waligonga kwa sababu Bwana Pazi amegonga. Kisha mama yake Chaurembo akagonga, na yeye hakugonga kwa hofu. Sakafu yote ikanguruma. Na juu ya kiti chekundu magongo ukutani yakagonga nayo, yote kwa wakati mmoja, kwa nguvu ambayo hayakuwahi kuwa nayo, chokaa ikamwangukia Mheshimiwa mabegani.

Hakuna aliyesema ni upepo.

Watu wa basi wakaingia. Walikuwa wanaume wawili wapole, wenye sare safi, waliofunzwa jambo moja tu: aliyegongewa anapanda.

"Kuna makosa," alisema Mheshimiwa Gombo.

"Ndiyo, kijana," alijibu mmoja. "Wote husema hivyo."

"Mnanijua mimi ni nani?"

"Hilo nalo husema. Inuka, mwanangu, safari ndefu."

Aliwageukia wasaidizi wake. Hao walikuwa na taabu yao. Wangemzuia, wangekuwa wamesema Kambi Kuu si bahati. Wangemtetea kwamba ni mzee, wangekuwa wameitukana sheria ya Bunge. Mmoja akapiga saluti. Mwingine akamvua meno kwa heshima na kuyarudisha kwenye kisanduku, kwa kuwa kambini angepewa mapya. Kisha mtu wa basi akachukua ile bakora ya kichwa cha fedha mkononi mwake, kwa desturi, akamkabidhi Katibu, na Bwana Pazi akapanda kiti akaitundika kwenye msumari wa mwisho.

Bila bakora Mheshimiwa hakuweza kutembea, ikabidi abebwe. Alipopitishwa mbele ya mstari wa pili alimtazama Mzee Shomvi. Midomo yake isiyo na meno ilikuwa inatafuta neno. Macho yalikuwa ya mtu anayejua basi lile linakwenda wapi, kwani yeye ndiye aliyekuwa akilituma, na Mzee Shomvi akaona kwa macho yale kile ambacho hakuwahi kuthubutu kukiuliza. Mapazia ya basi yakavutwa.

Mama yake Chaurembo alimkumbatia mwanawe akalia kwa sauti. Sikudhani hakulia. Alimshika babu yake kiwiko.

Habari zilifika makao makuu, na kesho yake Bunge likakaa kwa dharura. Ujana wa Kulekule ukashushwa mpaka miaka ishirini, kwa kauli moja. Waheshimiwa waliolala vijana waliamka wazee, wakashukuru, wakaagiza bakora. Cheo cha Kijana Mkuu kilitangazwa wazi, na vijana wa nchi nzima wakahimizwa kukiomba. Hakuna aliyekiomba. Na kanuni ya jina kutoka ukumbini ikafutwa, kwa kuwa wageni wa nje walikuwa hawaji siku hizi.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa kuliko kawaida. Mzee Shomvi alikuja na Sikudhani, ambaye alikataa kuachwa nyumbani. Redio ikafunguliwa, mtangazaji akasoma kikosi cha Siafu, na mwisho wa kikosi akasema, "Na mgeni wetu leo, chipukizi kutoka Mavumbini, Gombo, miaka kumi na minane."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akaacha.

Gombo alifunga bao la kwanza. Mtangazaji alisema amekimbia kutoka katikati ya uwanja kama upepo. Kikohozi kikaja mahali pake, Bi Mwanaheri akafumba macho, kikapita. Gombo akafunga la pili. Mashabiki wakaanza kuchangamka, maana shabiki ni shabiki tu. Bwana Pazi akasema kijana ana mbio, lakini anabaki na mpira muda mrefu mno, na wawili watatu wakamkatalia.

Ndipo bakora ikaanza kugonga. Haikugonga kama magongo. Kichwa chake cha fedha kilikuwa kizito, kikagonga ukuta polepole, kwa kishindo, kikapumzika, kikagonga tena. Kilikuwa ni kishindo cha mzee aliyefungiwa nje ya nyumba.

Kila mtu alisubiri mwenzake.

"Upepo," akasema mama yake Chaurembo.

"Upepo," wakaitikia wote, na ndani ya itikio lile mlikuwa na raha kidogo. Mzee Shomvi akajisikia naye ameitikia.

Sikudhani peke yake hakuitikia. Alisimama, akapita katikati ya watu, akapanda juu ya kiti chekundu na kuishika ile bakora kwa mkono wake, kwa upole, kama unavyomshika mtoto anayeweweseka. Bakora ikatulia. Kisha wote wakaona mkono wake unaruka, kwa kuwa ilikuwa bado inagonga humo ndani ya kiganja.

"Babu," alisema, "huyu anabisha. Na hawa wote walikuwa wanabisha."

Redio ilikuwa inashangilia. Bwana Pazi alikuwa amekodoa macho, lakini hakuwa anatazama bakora.

"Mmeuona mkono ule?" alimnong'oneza jirani yake. "Kitu kinaruka namna ile, na hakiutoki. Kifundo laini."

"Laini sana," alisema jirani.

"Na hana woga. Mwakani tunahitaji mtu wa kati asiye na woga."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na saba. Mwakani kumi na minane kamili."

Mnong'ono ukatoka mstari hadi mstari, wenye furaha, wa watu wanaopenda mpira. Sikudhani aliusikia. Alishuka kitini taratibu, akatazama nyuso zile za majirani zake, moja baada ya nyingine, na njia ya kurudi mahali pake ilikuwa ndefu. Akapiga hatua ya kwanza. Ya pili akaivuta. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Sikudhani alichechemea.

"Na tazama anavyochechemea," alisema Bwana Pazi kwa heshima kubwa. "Hicho ni kipaji."

Mzee Shomvi akasimama. Watu wakamgeukia, kwa kuwa Msifu Mkuu alikuwa amesimama. Alimtazama mjukuu wake akija kwake akivuta mguu mzima, kidevu juu. Akafungua kinywa ili aitaje kasoro yake, hata moja, hata ndogo, na akaitafuta, na hakuiona.